Krapi na blugili: kipimo gani kinasaidia ziwa, na kipi kinalidumaza

Kwenye gati la mashua huko Minnesota, Wisconsin au Texas kuna bango: samaki kadhaa kwa siku, inchi kadhaa kwenda juu. Wavuvi wengi hulisoma kwa nia moja tu, wasije wakapigwa faini. Somo hili linaangalia upande wa pili: namba ile inafanya nini huko chini majini. Kipimo cha urefu kinafaa pale samaki wanapokua haraka na ndoano ikawa ndiyo muuaji mkuu. Pale wanapokua polepole, kipimo hichohicho kinaongeza msongamano, na samaki wanazidi kudumaa.

Kwanza tujue tunazungumzia nani. Wamarekani wana jina moja la jumla kwa samaki hawa, panfish, yaani samaki wa kikaango, maana mmoja anaenea kikaangoni akiwa mzima. Krapi (bangoni utaona crappie) wako wa aina mbili, mweusi na mweupe. Blugili ni yule bapa, karibu duara, mwenye doa jeusi kwenye ncha ya kifuniko cha matamvua. Aliyewahi kufuga sato bwawani bila kutenga madume na majike anaujua ugonjwa wenyewe: wanazaana wangali saizi ya kiganja, bwawa linajaa, chakula hakitoshi, na hakuna anayekuwa mkubwa. Blugili ana tabia hiyohiyo.

Hatua ya 1: Pima kila samaki, hata unayemrudisha

Tumia ubao wenye ukuta upande mmoja. Mdomo ufungwe na uguse ukuta, kisha bana ncha mbili za mkia zikutane na usome urefu mrefu kuliko wote. Usipitishe utepe juu ya mgongo: unafuata mviringo wa mwili na kukuongezea robo inchi ambayo askari wa wanyamapori hataikubali.

Andika urefu wa samaki 80 hadi 100 wa aina moja, kutoka safari kadhaa na sehemu tofauti za ziwa. Kosa la kawaida ni kuandika wale wa kwenda nao nyumbani tu. Hapo utakuwa umepima uchaguzi wako, siyo ziwa. Kosa la pili ni chambo kikubwa, maana wadogo hawakifikii na ziwa litaonekana la majitu.

Hatua ya 2: Tafuta asilimia

Kwa krapi, hesabu waliofika inchi 5 (sm 13), halafu kati yao waliofika inchi 8 (sm 20). Wakiwa 80 na 32, ni asilimia 40. Kati ya 30 na 60 ni ziwa lenye mchanganyiko mzuri wa rika. Kwa blugili mipaka ni inchi 3 na inchi 6, na asilimia 20 hadi 60 inaridhisha.

Asilimia peke yake haitoshi. Ikiwa ndogo, huenda wakubwa wanaliwa wote, au huenda hakuna anayekua. Hali mbili hizo zinafanana machoni lakini dawa zake zinapingana. Asilimia kubwa sana nayo isikufurahishe haraka: mara nyingi ni wazee waliobaki baada ya miaka kadhaa ambayo vifaranga havikupona. Krapi ndivyo walivyo. Jike anataga mayai makumi ya maelfu, lakini mwaka mmoja vinapona vingi, miaka miwili au mitatu inayofuata karibu hakuna. Hakuna bango linaloweza kurekebisha hilo.

Hatua ya 3: Jua umri

Hapa ndipo penye kazi, na wengi huparuka. Chukua krapi uliokwisha kuwaua kwa ajili ya kula, 3 hadi 5 kwa kila inchi ya urefu. Fungua matamvua, kata mfupa ulio chini ya ubongo, kisha kunja kichwa kurudi nyuma hadi fuvu lipasuke. Ndani kuna vijiwe viwili vyeupe vya sikio, kimoja kila upande. Vitoe kwa kibano, vioshe, viweke ndani ya maji kwenye kisahani cheusi na uviangalie kwa lenzi. Kila mzunguko wa mwaka unaonekana kama pete.

Magamba pia yana pete, ila kwa samaki mzee zinabanana ukingoni. Ukisoma 4 kumbe ni 7, utaamini ziwa linakuza haraka na uamuzi wako wote utapinda.

Krapi aliyefika inchi 10 akiwa na miaka 3 anakua vizuri. Mwenye miaka 5 aliyekwama kwenye 8 amedumaa, ingawa kaskazini, ambako kiangazi ni kifupi, umpunguzie lawama kidogo.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kungoja

Krapi wa inchi 8 ana takriban gramu 115, wa inchi 10 takriban 235. Tuseme una samaki 100 wa inchi 8, sawa na kilo 11.5, na bango linakuzuia hadi wafike 10. Tuseme tena kwamba kila mwaka asilimia 40 hufa wenyewe kwa maradhi, joto, au kuliwa na samaki wengine.

Wakifika inchi 10 ndani ya mwaka mmoja, wamebaki 60: kilo 14.1. Kungoja kumelipa.

Wakihitaji miaka miwili, wamebaki 36: kilo 8.5 hivi. Kilo 3 zimeoza majini, na muda wote huo wale 100 walikuwa wakigombania chakula kilekile.

Weka namba zako mwenyewe kwenye hesabu hiyo kabla ya kuinuka kwenye mkutano wa wavuvi kudai kipimo. Texas inatumia inchi 10 na samaki 25 kwa siku karibu jimbo zima. Ziwa la Grenada, Mississippi, lina inchi 12. Huko kusini joto ni la muda mrefu, samaki anakua. Ukiihamishia inchi 12 kwenye ziwa dogo la kaskazini lililojaa krapi wa inchi 7, umewafungia wavuvi mlango na samaki umewaacha na njaa.

Hatua ya 5: Blugili wahesabiwe tofauti

Dume la blugili huchimba kiota kwenye kina kifupi, maji yakikaribia nyuzi 20 za Selsiasi, viota vingi vikiwa pamoja kama mtaa. Hulinda mayai na vifaranga, na hapo ndipo mvuvi anapomkamata kwa urahisi kuliko wakati wowote. Madume makubwa yakiondolewa, madogo hayana tena wa kushindana naye. Yanakomaa mapema, chakula kinaenda kwenye uzazi badala ya mwili, na ziwa linabaki la blugili wa kiganja.

Ndiyo maana Minnesota, ambayo kwa jumla inaruhusu blugili na ndugu zake 20 kwa siku, imeshusha hadi 10 au 5 kwenye maziwa yaliyochaguliwa. Wisconsin, yenye kikomo cha 25 kwa siku, imejaribu kwenye baadhi ya maziwa 15 tu kwa Mei na Juni, wasizidi 5 wa aina moja. Kwa maoni yetu huo wa msimu wa kutaga ndio wenye akili zaidi. Hata pasipo na sheria, chukua wa inchi 6 na 7, na dume kubwa lililo kwenye kiota liache.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwetu krapi ni 10 kwa siku. Sijawahi kufikisha hata 6. Wakishusha hadi 5 ziwa litapona?*

Kikomo cha idadi kinamgusa anayekifikia tu. Safari 100 zikiwa na watu 4 wanaofikisha 10, kushusha hadi 5 kumeokoa samaki 20 kwa hao, na wachache kwa waliopata 6 hadi 9. Kinagawa samaki kwa watu wengi zaidi, na hilo ni jema, ila usitarajie wakubwa waongezeke kwa sababu hiyo.

*Shikamoo mzee. Nikivua kwenye barafu, futi 35, krapi wanatoka macho yamevimba na tumbo mdomoni. Wadogo niwarudishe?*

Marahaba. Kibofu chake cha hewa kimepanuka na hana njia ya kuitoa haraka, kwa hiyo wengi unaowarudisha watakufa chini ya barafu usiwaone. Sheria ya urefu ikikulazimisha, rudisha. Isipokulazimisha, weka wa kwanza hadi ufikishe idadi, kisha acha kuvua au hamia kina kifupi. Texas inalijua hilo: kwenye Lake Fork, kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari hakuna kipimo cha urefu, na kila krapi unayemvua lazima umweke hadi utimize idadi ya siku.

*Kaka, nina bwawa la ekari 3. Nipande krapi?*

Hapana. Mwaka mmoja mzuri wa kutaga unakujazia bwawa, nawe huna wa kuwapunguza. Panda blugili na besi wa mdomo mkubwa, na besi walio chini ya inchi 15 usiwatoe mapema. Hao ndio kipimo chako: wanakula vifaranga vya blugili, na wachache wanaobaki wananenepa.

*Samaki walio kwenye friza wanahesabiwa?*

Minnesota wanahesabiwa: kikomo cha kumiliki ni sawa na cha siku, friza ya nyumbani ikiwemo. Wisconsin unaruhusiwa kumiliki mara mbili ya kikomo cha siku. Andika tarehe na idadi juu ya kila mfuko. Minofu miwili ni samaki mmoja.