Somo: Kutunza kemia ya maji katika tangi la matumbawe kwa anayeanza

Tangi ninalolieleza hapa ni la lita 100, lenye mwamba mkavu, samaki wawili wadogo, matumbawe laini, na baadaye tumbawe gumu moja au mawili. Nimechagua ukubwa huo kwa sababu hesabu zake ni nyepesi, na kwa sababu maji ya tangi dogo zaidi hubadilika haraka mno kwa mtu ambaye bado anajifunza.

Hatua ya 1: Maji na chumvi

Anza na maji yaliyochujwa kwa utando wa osmosisi na kupitishwa kwenye resini ya kuondoa ioni, kwa kuwa maji ya bomba huja na klorini, fosfati na wakati mwingine shaba, ambayo hata ikiwa kidogo huua konokono na kamba. Chumvi ya akwariamu ichanganywe kwenye ndoo ya pembeni, izungushwe na pampu mpaka maji yawe maangavu, ndipo upime. Lengo ni sehemu 35 za chumvi katika kila 1,000, ambayo kwenye nyuzi 25 ni sawa na uzito linganishi (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na wa maji matupu) wa 1.026. Refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, irekebishwe kwa maji maalumu ya kupimia yenye chumvi ya 35, kwa sababu ikirekebishwa kwa maji matupu peke yake inaweza kusema kweli kwenye sifuri na bado ikakosea pale unapoihitaji.

Maji yanayopotea kwa mvuke huiacha chumvi nyuma. Basi pengo hilo hujazwa kwa maji matamu yaliyochujwa, wala si kwa maji ya chumvi.

Hatua ya 2: Kusubiri bakteria

Tia amonia isiyo na manukato wala sabuni mpaka kipimo kifike miligramu 2 kwa lita, kisha subiri. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati. Kazi hiyo kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Amonia uliyotia ikitoweka ndani ya saa 24, na nitriti nayo ikawa sifuri, tangi liko tayari kwa samaki mmoja.

Hatua ya 3: Ualkali

Hapa ndipo wengi huharibikiwa, nami nilikuwa mmoja wao. Ualkali si pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Ni akiba ya bikabonati na kabonati iliyomo majini, ambayo matumbawe huitumia pamoja na kalsiamu kujenga mifupa yao. Maji ya bahari yana ualkali wa karibu digrii 7, kwa kipimo kinachoandikwa dKH, kalsiamu ya karibu miligramu 420 kwa lita na magnesiamu ya karibu 1,300. Katika tangi, chagua kiwango chochote kati ya 7.5 na 9, kisha ukae hapo hapo.

Kila digrii 2.8 za ualkali zinazotumika huondoka na miligramu 20 tu za kalsiamu. Kwa hiyo ualkali ukishuka digrii 1, kalsiamu hushuka miligramu 7 hivi, kiasi ambacho vifaa vyetu vya nyumbani haviwezi kukiona. Ndiyo maana nasisitiza upime ualkali kwanza: ndio unaotoa habari mapema.

Pima kwa siku tatu, saa ile ile, bila kuongeza kitu, ili ujue tangi linatumia kiasi gani kwa siku, kisha rudisha kiasi hicho. Gramu 3 za bikabonati ya sodiamu, ile soda ya unga ya kupikia (wala si magadi, hamira au beking pauda), hupandisha lita 100 kwa digrii 1. Iyeyushe kwanza, uimimine polepole penye mkondo, na usipandishe zaidi ya digrii 1 kwa siku.

Mwaka wangu wa kwanza niliona pH ya 7.9 asubuhi, nikamimina dawa ya kuipandisha siku tatu mfululizo. Haikupanda sana, kwa sababu madirisha yalikuwa yamefungwa na hewa ya chumba ilijaa kaboni dioksidi. Kilichopanda ni ualkali, hadi 13, na ncha za matumbawe yangu magumu zikaungua zikawa nyeupe. Kufungua dirisha kungetosha.

Hatua ya 4: Virutubisho

Nitrati iwe miligramu 2 hadi 10, fosfati 0.03 hadi 0.1. Usizimalize kabisa, kwani zote mbili zikifika sifuri matumbawe hufifia na utando wa kahawia wa dinoflagelati, viumbe wadogo wa seli moja, hupata nafasi. Kubadilisha lita 10 kila wiki hutosha mwanzoni.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi niko Dar es Salaam. Kwa nini ninunue chumvi ilhali bahari iko karibu?

Jibu: Unaweza kuchota, ndugu yangu, lakini chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto kama Msimbazi, na uepuke siku za masika, kwani maji ya mvua hupunguza chumvi na kuleta uchafu. Pima kila mara. Matumbawe yenyewe usiyavunje baharini. Yale magumu yamo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini.

Swali: Mchana tangi langu hufika nyuzi 30. Nifanyeje?

Jibu: Elekeza feni kwenye uso wa maji. Joto litashuka nyuzi mbili hivi, lakini mvuke utaongezeka, kwa hiyo utajaza maji matamu mara nyingi zaidi.

Swali: Niliongeza kalsiamu na soda kwa pamoja, maji yakawa kama maziwa. Nimeua tangi?

Jibu: Hapana. Vimeshikana vikawa chokaa. Acha kuongeza, subiri maji yatulie, kisha pima magnesiamu, maana ikiwa chini ya 1,200 jambo hilo hutokea kwa urahisi. Siku nyingine achanisha dozi hizo kwa saa kadhaa.

Swali: Kipimo changu kinasema 8, cha rafiki yangu 9.5, kwa maji yale yale. Nimwamini nani?

Jibu: Tafuta mizani ya sonara, upime gramu 2.4 za soda ile ile na uziyeyushe katika lita 10 za maji yaliyochujwa. Maji hayo yana ualkali wa digrii 8. Vipimeni vyote viwili humo, na kila mmoja aandike kwenye boksi lake tofauti aliyoiona.