Somo: Kutia rangi mti wa gobori la Pennsylvania kwa asidi na moto

Magobori marefu ya Pennsylvania, ambayo wengi huko Marekani huyaita ya Kentucky, yalianza mikononi mwa mafundi wa Kijerumani na Kiswisi waliohamia maeneo ya Lancaster karne ya 18. Walikuja na bunduki yao fupi ya kuwindia, wakarefusha mtutu hadi inchi 42 na zaidi, wakapunguza ukubwa wa risasi. Mti wake, ule unaobeba mtutu toka begani hadi mdomo wa mtutu, wakauchonga kwa mepo (mbao ya mti uitwao maple kwa Kiingereza), hasa ile yenye mawimbi. Leo sigusi mtutu wala mtambo wa gumegume. Ni mti tu.

1. Kwangua. Wengi hukimbilia msasa. Mimi siupendi: unaziba vinyweleo vya mbao kwa vumbi na kula kingo za nakshi. Tumia kipande cha bamba la msumeno kilichopindwa ukingo. Kikitoa maranda membamba kama karatasi ya sigara, kinakata. Kikitoa unga, kinoe.

2. Lowesha mti kwa maji, ukaushe karibu na moto. Nyuzi zitasimama. Zikwangue, kisha rudia mpaka zigome kusimama.

3. Paka dawa. Wazee waliyeyusha chuma ndani ya asidi ya nitriki. Wewe nunua iliyokwisha tengenezwa, maana kuipika nyumbani kunatoa moshi wa sumu, na mapafu hayana spea. Fanya kazi nje, glavu mkononi, miwani usoni. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki cha ubao uleule.

4. Pasha moto. Hapa ndipo penye utamu. Mti ukikauka unakuwa na rangi ya kijani-kijivu ya kuchefua, mpaka unaona umeharibu kazi. Pitisha mashine ya hewa ya moto polepole (zamani ilikuwa makaa au chuma kilichopashwa), na palepale unageuka hudhurungi yenye wekundu. Mawimbi nayo yanatokeza: nyuzi za mepo hii hupanda na kushuka, pale ncha zake zinapochungulia juu hunywa dawa nyingi na kukolea, penye ubavu hunywa kidogo. Pakibaki kijani, moto haujatosha. Chunga kingo nyembamba, ndizo huungua kwanza.

5. Osha kwa maji yenye bikaboneti ya soda, suuza, kausha. Kisha mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tabaka nyembamba nyembamba, ukisugua kwa kiganja. Vitambaa vya mafuta hayo vitandaze nje vikauke. Ukivirundika pembeni vinaweza kuwaka vyenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Patasi Butu: Mkuu, kile kisanduku cha shaba ubavuni nikitoe kwanza?
Jibu: Kitoe, pamoja na kila skrubu. Asidi inakula shaba na kuacha madoa ya kijani kwenye mbao. Humo ndimo viliwekwa vitambaa vya mafuta vya kufungia risasi ili ishike mifuo (michirizi ya ndani) ya mtutu. Utakirudisha mafuta yakishakauka.

Mwana wa Seremala: Shikamoo fundi. Naona picha za magobori ya kale, mti mweusi kabisa. Niongeze dawa?
Jibu: Marahaba. Usiongeze. Weusi ule mwingi ni wa miaka, jasho, masizi ya baruti na mafuta yaliyozeeka. Ukiulazimisha leo utafunika mawimbi uliyoyalipia.

Mama Randa: Mepo huku Tanga siipati. Mninga unafaa?
Jibu: Dada, mninga una rangi yake tayari, mafuta yanatosha. Chuma cha dawa kikikutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, huleta weusi, hata mwaloni hugeuka mweusi hivyo. Halafu gobori nalo ni silaha kisheria, lataka kibali. Anza na fimbo au kisanduku, mkono ukizoea kikwangulio ndipo uulizie leseni.