Kujaza risasi za raifo nyumbani: makosa yanayopasua bunduki

Wakuu, somo hili ni la wadau walioko Marekani, ambako wawindaji wengi hujijazia risasi kihalali, yaani kutia fataki, baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililokwisha kutumika. Tanzania na Kenya kufanya hivi bila leseni ni jinai, msijaribu. Mfano wetu ni .308 Winchester, aina ya risasi ya raifo. Vipimo vya baruti siviandiki hapa: chukua kwenye kitabu cha mtengenezaji.

1. Mezani iwepo chupa moja tu ya baruti. Wengi huogopa kumwaga mara mbili kwenye ganda moja, lakini baruti sahihi ya .308 hujaza sehemu kubwa ya ganda. Ukirudia itafurika na utaiona. Hatari kubwa ni kutia baruti ya bastola kimakosa. Inaungua haraka mno, na ujazo ambao kwa macho ni wa kawaida unatosha kupasua chemba (sehemu ya bunduki risasi inapokaa). Majina nayo yanachanganya: H4350 na IMR 4350 ni baruti mbili, kila moja na kipimo chake. Ukimaliza kazi, rudisha iliyobaki kwenye chupa yake saa hiyo hiyo. Usiyoijua jina, itupe.

2. Pima mizani kwanza kwa jiwe lake la majaribio. Hakikisha inasoma greni (gramu 1 ni greni 15.43) na uzime feni. Anza asilimia 10 chini ya kiwango cha juu, panda greni 0.3 hadi 0.5 kila hatua. Bolti (kifungio cha nyuma ya chemba) ikiwa ngumu kuinua, au kitakoni mwa ganda pakaonekana alama inayong'aa ya kisukuma ganda, simama hapo.

3. Ganda la .308 lisizidi milimita 51.18, likizidi, kata hadi 50.93. Shingo ndefu hubanwa mwisho wa chemba, inakishikilia kichwa cha risasi, presha inapaa. Kisha pitisha waya uliokunjwa ncha ndani ya ganda, juu kidogo ya kitako. Ukikwama kwenye mfereji, ganda hilo limekaribia kukatika. Tupa.

4. Fataki (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) ikae chini ya uso wa kitako, milimita 0.08 hadi 0.13. Pitisha kidole. Iliyochomoza usiigonge, wala usiisukume kama risasi imeshajazwa.

5. Kabla ya kuweka vichwa, mulika trei nzima kwa tochi. Kina cha baruti kinachotofautiana kinaonekana mara moja.

MASWALI

Swali: Mkuu, nina maganda ya jeshi ya 7.62. Kipimo ni kile kile?
Jibu: Hapana. Mara nyingi kuta zake ni nene, nafasi ya ndani inapungua na presha inapanda. Anza chini upya.

Swali: Nimefyatua ikalia "pfu", teke hakuna. Niendelee?
Jibu: Usithubutu! Kichwa huenda kimekwama mtutuni. Elekeza mtutu pasipo na mtu, subiri sekunde 30, toa ganda, chomoa bolti, kisha pitisha fimbo ya kusafishia. Isipotokea upande wa pili, mpelekee fundi wa bunduki.

Swali: Fataki naweza kuzitia kwenye chupa ya kioo, niokoe nafasi?
Jibu: Hapana kabisa. Moja ikilipuka zinafuatana zote, na vioo vinaruka. Pakiti ya kiwandani imezitenganisha makusudi. Baruti nayo usiifungie kwenye sanduku la chuma lisilopumua. Ikishika moto humo, hilo ni bomu.