Kutoka Kibirizi hadi kisiwani

Mimi nauza dagaa Kibirizi, Kigoma, na maji ya ziwa nayaona kila siku. Mume wangu aliposema twende kisiwani, nilimwuliza: kufuata nini?

Anzia hapo. Ukitaka kumwona papa potwe, nenda Mafia kati ya Oktoba na Machi. Boti hutoka Nyamisati. Ukitaka vichochoro vya Mji Mkongwe na urojo wa moto, basi Unguja, saa mbili hivi kwa boti ya kasi kutoka Dar. Masika, Machi hadi Mei, mimi siendi. Mvua ninazo Kigoma.

Huko Mtanzania atembee na kitambulisho cha NIDA. Shemeji yako akitoka Burundi, pasipoti, na kwa Zanzibar bima ya lazima kwa wageni, tangu Oktoba 2024.

Shelisheli hawadai viza, ila usidanganyike: kibali cha kusafiri huombwa mtandaoni kabla ya kuondoka, pamoja na tiketi ya kurudi na uthibitisho wa malazi. Ulizia pia chanjo ya homa ya manjano. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Sisi tulichanja siku nne kabla, tukahamisha tarehe kwa pesa ya magunia mawili.