Ukoo wenu ukidaiwa damu, fanyeni hivi

Kijana wa ukoo wenu akiua mtu, hata kama ni ugomvi tu wa usiku hapo Eastleigh, kwanza apelekwe polisi, msimfiche. Halafu siku hiyohiyo wazee watume watu kwa waliofiwa, sio wiki ijayo, juu kwa desturi ya Wasomali deni ni la ukoo mzima na kisasi kinaweza kumpata binamu asiyejua lolote huko Garissa, kwa hivyo pigieni simu ndugu wote wa huyo kijana wakae mbali na upande wa waliofiwa mpaka wazee waongee.

Diya, yaani fidia ya damu inayolipwa waliofiwa, kwa mwanaume ni ngamia 100 kwa desturi, ya mwanamke 50, na hiyo nusu mimi naipinga kabisa. Huku mjini watu wengi hulipa pesa, basi elewaneni kwanza bei ya ngamia mmoja ndio muanze kuchanga. Mweka hazina awe mtu mnamwamini, aandike kwa daftari jina la kila mtu, kiasi, na namba ya M-Pesa iliyotuma. Na mkikaa na wazee wa upande ule ulizeni wazi mjane na watoto watapata ngapi, hapo ndio hudhulumiwa sana.

Mkielewana andikeni, pande zote zitie sahihi. Lakini kesi haiishi yenyewe. Mwaka 2013 Mahakama Kuu hapa Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia kupatana, ila upande wa mashtaka ndio uliomba, kwa hivyo tafuteni wakili mapema.