Andika na mimi nikusome
Mimi sioni. Kompyuta yangu hunisomea kwa NVDA, kisoma skrini cha bure. Simu hutumia TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android. Nikifungua ukurasa siusomi juu hadi chini: nabonyeza herufi H na kurukia kichwa cha habari kimoja hadi kingine. Kwa hiyo ukiandika kichwa, usikoleze tu maneno. Chagua mtindo wa kichwa, la sivyo kwangu hiyo ni aya kama nyingine.

Picha ndizo huniumiza zaidi. Niliwahi kutumiwa tangazo la msiba likiwa picha tupu. Simu ikasema "picha", ikanyamaza. Siku ya mazishi niliijua imeshapita. Tafadhali, maneno yaliyomo kwenye picha yaandike pia kama maandishi. Ikiwa ni picha ya watu, kwenye maelezo mbadala, yaani maandishi ninayosomewa badala ya picha, eleza wanachofanya. Usianze na "picha ya", hilo nimeshatajiwa. Pambo tupu litie alama kuwa ni pambo.

Viungo vya kufungua kurasa nyingine (links) navyo huvisikiliza kwenye orodha. "Bonyeza hapa" mara kumi hainielekezi popote. Andika "Pakua fomu ya maombi".

Ukimaliza, washa kisoma skrini, fumba macho, usikilize ulichoandika kabla ya kukituma.