Kabla Hujapanda Ndege Kwenda Saudia

Hapa Likoni, kila mtaa una msichana aliyeko Saudia au anayengoja viza. Siwazuii, mimi mwenyewe nilikwenda. Ila jiandae.

Jina la kwenye pasi lilingane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Ajenti awe na leseni ya serikali. Akikwambia uingie kwa viza ya matembezi, kazi utaipata hukohuko, inuka uende zako. Mkataba usome nyumbani, si uwanja wa ndege.

Sasa la ikama, nisikilize vizuri. Ikama ndiyo kibali cha kukaa, na anayeilipia na kuihuisha ni kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, si wewe. Nilikuwa Riyadh mwaka wa pili, kadi yangu nzima, naitunza ndani ya kava la simu. Siku moja nikaenda kumtumia mama pesa. Wa dirishani akaingiza namba, akatazama kompyuta, akanisukumia kadi pamoja na noti zangu. Ikama ilikuwa imekwisha miezi minne. Kadi haikuonyesha chochote. Tarehe iko kwenye mitambo yao. Kumwambia madamu, akajibu "bukra", yaani kesho. Bukra zikawa miezi, mshahara nao ukakatika, nikatoka usiku. Kafili akaniripoti kuwa nimetoroka, yaani hurubu, na hapo nikawa kemboi, kama Wakenya wa kule wanavyowaita waliokimbia waajiri.

Kemboi hufanya kazi za siku. Asiyekulipa huwezi kumshtaki, maana kituoni utaulizwa ikama kwanza. Tulilala wanawake tisa chumba kimoja. Mwenzetu alijifungulia humo, mtoto asiandikishwe popote, kwa sababu mama hakuwa na ndoa wala ikama. Nani alimkosea nani hapo?

Pasi yangu ilibaki kwa kafili. Kilichoniokoa ni fotokopi yake, ambayo mama aliiweka kwenye kopo la biskuti. Akaipiga picha akanitumia, ubalozi wetu ukanitolea hati ya dharura, nikapita tarhili, mahabusu ya wanaorudishwa makwao, ndipo nikafika.

Kwa hiyo toa nakala za pasi, viza na mkataba, uwaachie watu wawili, si mmoja. Sheria yao inampa mwajiri siku 90 tangu ufike akutolee ikama, zihesabu. Ukiipata, kariri namba, fungua Absher, programu ya serikali yao, kwenye simu yako, tazama tarehe kila mwezi. Ikikaribia kuisha mwambie kafili na ajenti kwa maandishi, maana maneno ya mdomo watayakana. Na ukiteswa, wapigie ubalozi na nyumbani kabla hujakimbia, ukiweza.

Usikope pesa za safari. Usimpe mtu pasi "akuwekee". Namba za simu usiziache kwenye simu tu, maana simu ndiyo hunyang'anywa kwanza. Ziandike kwenye kitambaa kwa kalamu isiyofutika, uzishonee ndani ya pindo la buibui.